Mjomba hakuuliza faida

Mwezi wa Aprili nilikwenda Ahero kwa mjomba wangu, kwa sababu jirani yake wa miaka mingi alikuwa amefariki na mjomba ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni waliotoka mbali. Jioni, watu walipopungua chini ya turubai na chai ya maziwa ikaletwa kwa mara ya pili, alinigeukia mbele ya wazee wenzake akaniuliza swali ambalo nilidhani nimelizoea. "Binti yangu," alisema, "umesoma mpaka shule zikaisha, na kazi uliyoipata ni ya kuhesabu mbu. Hebu tuambie hapa, unafurahia nini katika kazi hiyo?"

Nilimjibu kama ninavyomjibu kila mtu. Nilisema kwamba malaria bado inaisumbua kanda ya ziwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwakuta takriban asilimia 6 ya watoto waliopimwa nchi nzima wakiwa na vimelea vya malaria, lakini katika kanda yetu wakawa asilimia 19. Na kwamba huwezi kupambana na mbu usiyemjua. Nilisema vizuri, nadhani, kwa maana wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Mjomba alingoja nimalize, kisha akaweka kikombe chini. "Hiyo ni faida," akasema. "Faida naijua, nimelazwa kwa malaria mara mbili. Mimi nimekuuliza unafurahia nini."

Lazima niseme kwamba mjomba wangu alikuwa fundi wa redio kabla macho yake hayajaanza kumsumbua, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa na kibanda sokoni. Alitueleza jioni ile kwamba redio zilizomlipa zilikuwa zile zenye waya uliokatika au betri iliyovuja, kazi ya dakika kumi, lakini redio alizozipenda zilikuwa zile zilizozungumza leo na kunyamaza kesho bila sababu yoyote inayoonekana. Hizo alizibeba nyumbani usiku, mkewe akanung'unika juu ya mafuta ya taa yanayoteketea, naye akazifungua mezani hata kama mwenye redio alikwisha kununua nyingine na kuisahau ile ya kwanza. "Hakuna aliyenilipa kwa hizo hata shilingi," alisema. "Sasa wewe, redio yako ni ipi?"

Sikumjibu. Nilicheka kidogo, wazee wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele. Lakini ndani ya matatu ya kurudi Kisumu swali lile lilikuwa limekaa nami kiti kimoja, na sikulipenda, kwa sababu nilitambua kwamba nimeifanya kazi hii miaka kumi na mmoja bila kulijibu hata peke yangu. Sisi watu wa utafiti tumejifunza kuzungumza kwa lugha ya fomu za ufadhili. Fomu huuliza wanufaika ni nani, ni wangapi, na watafikiwa lini. Sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya kuandika kwamba jambo hili linakunyima usingizi kwa utamu wake. Ukizijaza fomu hizo muda mrefu, unaanza kuamini kwamba ulichoandika humo ndicho kilichokuamsha asubuhi.

Basi nitajaribu kumjibu mjomba hapa, polepole.

Kazi yangu huanza saa moja na nusu asubuhi, mitego inapofika kutoka vijijini. Mtego wenyewe ni kitu cha kawaida: balbu ndogo, feni ndogo inayozungushwa na betri, na mfuko wa wavu, vikitundikwa jioni karibu na kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Mbu huja kwa harufu ya mtu, huvutwa na mwanga, hunyonywa na upepo wa feni, na alfajiri huwa bado yu hai ndani ya mfuko. Kuna njia nyingine ambayo tunatandaza mashuka meupe sakafuni na kupuliza dawa ya pareto, lile ua jeupe ambalo wakulima wa Nakuru wamelilima vizazi vingi, kisha baada ya dakika chache tunaokota waliodondoka. Lakini kwa kazi ninayotaka kuieleza, wale wa mfukoni ndio bora, kwa kuwa wanafika wakiwa wabichi.

Unamchukua mbu jike mmoja, maana dume haumi mtu na hatuna haja naye hapa. Unamlaza juu ya slaidi ndani ya tone la maji safi. Mkono wa kushoto unashika sindano inayombana kifuani; mkono wa kulia una sindano nyingine, nayo unaivuta ile pingili ya mwisho ya tumbo, taratibu, kama mtu anayevuta uzi ambao hataki ukatike. Vikitoka vizuri, vifuko viwili vya mayai hufuatana na utumbo na kuelea ndani ya tone, vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya chumvi. Unaviacha vikauke. Kisha unaviweka chini ya hadubini, na unatafuta mirija ya hewa.

Wadudu hawana mapafu. Hewa huwafikia kwa mirija inayogawanyika na kugawanyika mpaka inakuwa myembamba kupita kiasi, nayo huenea juu ya kifuko cha mayai kama mizizi. Katika mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejisokota, kila moja ina kifundo chake, kama nywele za mtoto mchanga ambaye bado hajanyolewa. Katika mbu aliyekwisha kutaga hata mara moja, kifuko kilipojaa mayai kiliivuta mirija ile ikanyooka, na mayai yakishatoka haijisokoti tena. Hiyo ndiyo tofauti nzima. Njia hii ilielezwa na mtafiti wa Kisovieti aitwaye Detinova, na Shirika la Afya Duniani likaichapisha mwaka 1962, na mpaka leo sisi tulioko kando ya Ziwa Victoria tunaitumia kwa sindano mbili na tone la maji.

Faida yake naweza kuitaja kwa sentensi mbili ili tuimalize. Kimelea cha malaria kikishamezwa na mbu kinahitaji takriban siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kufika kwenye tezi za mate, kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni mbu mzee, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Ukijua ni wangapi kati ya mia waliokwisha kutaga, umekisia umri wa kundi zima, na umejua kama vyandarua na dawa za ukutani zinawaua mapema au la.

Lakini wiki mbili za kwanza mimi sikuona chochote. Niliona ukungu wenye mikwaruzo. Mwalimu wangu, mzee mpole asiyependa maneno, alikuwa akitazama slaidi kwa sekunde nne, anasema "huyu bado" au "huyu tayari", kisha ananiachia kiti. Nami nikiinama naona ukungu ule ule. Nilidhani kuna siri ananificha. Nilidhani macho yangu yana kasoro, hata nikaenda kupimwa mjini, nikaambiwa ni mazima. Ilipofika wiki ya tatu, siku ya Jumanne, baada ya chai ya saa nne, niliweka slaidi ambayo sikuwa na matumaini nayo, na vifundo vikawa hapo. Havikutokea kidogo kidogo. Vilikuwa hapo vyote kwa pamoja, safi, vimejipanga, na nilipoirudisha slaidi ya jana ambayo nilikuwa nimeiandika alama ya kuuliza, vilikuwamo humo pia, na vilikuwa vimekuwamo siku zote. Hadubini ilikuwa ile ile na jicho lile lile. Nilipasua mbu hadi saa kumi jioni bila kula, nikiogopa kwamba nikiondoka uwezo huo utaniacha.

Haukuniacha, na mpaka leo, baada ya maelfu ya slaidi, bado kuna mtetemo mdogo ninapozungusha ile gurudumu ya kulenga na vifundo vikajikusanya kutoka kwenye ukungu. Nikilazimishwa kumjibu mjomba kwa kunyoosha kidole, nitanyoosha hapo.

Ili nisije nikajidanganya kwamba ni ugonjwa wangu peke yangu, niliwauliza wenzangu. Ijumaa moja tulikwenda Dunga kula samaki, sisi watatu: mimi, rafiki yangu anayeshughulika na samaki wa ziwa, na dada mmoja ambaye alifanya kazi Mbita kwa miaka kadhaa katika mashamba ya mahindi. Niliwauliza swali la mjomba bila kumtaja mjomba. Nao, kama nilivyotarajia, walianza na faida: mmoja akasema usalama wa chakula, mwingine akasema kipato cha wavuvi. Nikawaambia faida naijua.

Yule wa samaki alinyamaza, kisha akavuta sahani yangu, akakipasua kichwa cha ngege niliyekwisha kumla, akaingiza ncha ya kijiti cha meno nyuma ya fuvu na kutoa kijiwe cheupe, chembamba kama ukucha wa mtoto. Alikipangusa kwa karatasi na kukiweka juu ya meza ya plastiki. Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe hivi masikioni, alisema, na vinakua kwa matabaka kama shina la mti. Katika nchi za baridi ni rahisi kuvisoma, kwa kuwa kila majira ya baridi huacha mstari. Samaki wetu hawana baridi ya kuwaandikia, na ndiyo maana watu wamegombana sana juu ya umri wa mbuta na wa ngege. Lakini katika samaki wachanga, ukikisugua kijiwe mpaka mwanga upite, unaona kanda nyembamba sana, moja kwa kila siku aliyoishi. "Ninahesabu siku," alisema. "Nafika katikati kabisa, kwenye siku aliyoanguliwa, na najua ilikuwa tarehe ngapi. Hakuna mtu mwingine duniani anayeijua siku ya kuzaliwa ya samaki huyu." Alisema hivyo mdomo ukiwa na ugali, na hakuona kwamba amesema jambo la ajabu.

Dada wa mahindi alikuwa na lake. Huku kwetu kila mkulima anaijua kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau yanayopendeza, ambalo huchomeka kwenye mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuyanyonya kabla hata halijachomoza. Mmea mmoja huangusha mbegu makumi ya maelfu, laini kama ugoro, na zinaweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Mbegu hiyo haioti ovyo; husubiri mpaka inuse kemikali ya mzizi wa mmea inayoweza kuunyonya. Huko Mbita, katika miaka ya 1990, watafiti walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo wa bua, na wakagundua jambo ambalo hawakuwa wanalitafuta, kwamba kayongo ilikuwa inatoweka. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya kayongo na papo hapo huizuia isishike mzizi wa mahindi, nayo hufa kwa njaa. Wakulima wengi wa magharibi wamefaidika na jambo hili. Lakini yeye hakulisema la wakulima. Alitueleza jinsi alivyokuwa akiweka mbegu hizo chini ya lenzi, akazidondoshea maji yaliyopita kwenye mizizi, na kesho yake akaikuta punje ya vumbi imetoa kimkia cheupe kinachotafuta mzizi ambao haupo. "Nilikuwa nazionea huruma," alisema, "na bado sikuacha kutazama."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Hakuna kati yetu aliyetaja tuzo, wala jina lake kuchapishwa, wala hata ugunduzi kwa maana ile ya magazeti. Kila mmoja alitaja kitu kidogo kuliko kucha, na muda ambao kitu hicho kiliacha kuwa ukungu.

Nadhani ndivyo ilivyokuwa pia kwa Thomas Odhiambo, mwanafunzi wa zamani wa Maseno, ambaye mwaka 1970 aliianzisha taasisi ya utafiti wa wadudu tunayoiita icipe, ile ile yenye kituo Mbita. Watu humkumbuka kwa majengo na kwa kuwatetea wanasayansi wa Afrika, na wanastahili kumkumbuka hivyo. Mimi nampenda zaidi kwa makala aliyoichapisha mwaka 1959, alipokuwa bado hajulikani, juu ya mdudu mmoja mla wadudu aitwaye Rhinocoris, ambaye dume ndiye anayekaa juu ya mayai na kuyalinda. Ili kujua hilo, kuna mtu aliyekaa akamtazama baba mdudu siku baada ya siku. Sidhani kwamba aliketi pale kwa sababu ya wanufaika.

Kuna furaha ya pili ambayo ni ngumu zaidi kuieleza, kwa sababu inafanana sana na aibu, nayo ni furaha ya kukosea. Mapema katika kazi yangu nilipewa sanduku la mbu waliookotwa ndani ya nyumba upande wa Asembo, nikaambiwa niwapime DNA. Mbu wanaoitwa gambiae ni ukoo wa ndugu wanaofanana mpaka hadubini haiwezi kuwatenganisha. Huwezi kumjua gambiae mwenyewe na ndugu yake arabiensis mpaka umpime chembe za urithi. Nilikuwa nimesoma ripoti za zamani za eneo lile, na nilijua, nasema nilijua, kwamba wengi watakuwa gambiae wenyewe. Mashine ilipomaliza, karibu wote walikuwa arabiensis.

Nilikuwa na hakika nimechanganya vichupa. Nilirudia kazi yote. Umeme ukakatika katikati, nikapoteza siku nzima na dawa ambazo si za bei rahisi, na bosi wangu akaniuliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali kama nilikuwa nimelala vizuri. Nilirudia mara ya tatu, usiku, nikiviandika vichupa kwa kalamu mbili za rangi tofauti. Jibu lilikuwa lile lile. Ilikuwa kama saa tano usiku, mlinzi anasikiliza redio nje, nami nimekaa na karatasi mkononi, na hapo hofu ikageuka kuwa kitu kingine kabisa. Kama vichupa havijachanganyika, basi mbu wamebadilika. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimeenea Asembo tangu majaribio makubwa ya miaka ya 1990, yale yaliyoonyesha kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilinufaika zikiwa ndani ya mita 300 hivi za nyumba zenye navyo. Gambiae mwenyewe anapenda damu ya mtu na hula ndani ya nyumba usiku, hivyo chandarua humkuta. Arabiensis anaweza kula ng'ombe huko nje na kuishi. Sanduku langu halikuwa kosa. Lilikuwa mabaki ya vita ambavyo upande mmoja ulikuwa umeshindwa.

Niligundua baadaye kwamba wenzetu wengine walikuwa wameliona jambo hilo kabla yangu na kwa idadi kubwa zaidi, kwa hiyo sikuwa nimegundua lolote. Haikunipunguzia kitu. Kwa saa zile chache za usiku, ulimwengu ulikuwa umenikatalia waziwazi, na kukataliwa huko kulikuwa na utamu ambao sijawahi kuupata nilipopatia. Mtu asiyeweza kuufurahia, nathubutu kusema, atateseka sana katika kazi hii, maana kukosea ndiko tunakokufanya siku nyingi.

Sasa lile ambalo sikulisema Dunga.

Mwezi Juni mwaka mmoja nilikuwa napasua tezi za mate. Ni kazi ngumu kuliko ile ya vifuko. Unakibana kifua, unakivuta kichwa, na ukibahatika tezi hutoka zikiwa zimening'inia shingoni, zikiangaza kama tone la mafuta. Unazifunika kwa kioo chembamba na kukibonyeza mpaka zipasuke. Mara nyingi hakuna kitu. Siku ile, zilipopasuka, uwanja wote wa hadubini ulijaa nyuzi, mamia kwa mamia, zimechongoka pande zote mbili, na zilikuwa hai. Zilikuwa zinajipinda na kunyooka polepole, nyingine zikizunguka mduara mmoja bila kuacha. Nilikuwa nimeviona vimelea hivyo vya malaria vitabuni tu. Niliruka. Nilimwita kila mtu, hata dada wa usafi, tukapanga foleni kuvitazama kabla tone halijakauka.

Nilipokaa chini kuandika matokeo, niliandika namba ya mtego, na namba ya mtego ni namba ya nyumba. Nyumba ile nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeutundika mtego ule mwenyewe juzi yake, na kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu amelala mchana kwenye mkeka, joto limempanda, mama yake akijiandaa kumpeleka zahanati. Wakati ule nilimsaidia kumfunga mgongoni.

Ronald Ross, alipoona mwaka 1897 kule India, tarehe 20 Agosti, dalili za kimelea ndani ya tumbo la mbu, alikwenda akaandika shairi. Tunaiadhimisha tarehe ile kila mwaka kama Siku ya Mbu Duniani. Namwelewa. Ila yeye, kwa kadiri ninavyofikiri, hakulazimika kurudi wiki iliyofuata kwenye nyumba yenye namba.

Mimi nilirudi. Mtoto alikuwa amepona, anakimbiza kifaranga. Mama yake alinikaribisha, na akaniuliza, kama wanavyoniuliza wengi huko, "Daktari, hao mbu wamekuambia nini?" Mimi si daktari wa namna anayoifikiria, lakini nimechoka kusahihisha. Nilimwambia kwamba mmoja wao alikuwa na malaria. Aliitikia, akaingia ndani, akatoka na chandarua akanionyesha tundu upande wa miguuni, na akaniuliza kama uzi wa kawaida unatosha kulishona au kuna uzi maalumu. Nikamwambia wa kawaida unatosha. Tulishona pamoja. Sikumwambia kwamba vilikuwa vizuri kuvitazama, na sijui ningeanzia wapi kumwambia. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu na bado sijalipatia mahali pake. Nadhani wengi wetu tunajificha nyuma ya faida kwa sababu ya mkeka kama ule, wala si kwa sababu ya fomu tu. Mtu anaona haya kucheka msibani. Na hata hivyo, ningekuwa nimeenda pale kwa huruma peke yake, nisingestahimili wiki mbili za ukungu. Ningekwisha kutafuta kazi nyingine.

Mwishoni mwa Mei nilikwenda tena Ahero. Mvua ilikuwa bado haijaacha, na nyuma ya boma la mjomba, pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa, kila alama ya kwato ilikuwa imejaa maji. Nilichota kikombe kimoja kutoka kwenye kwato na kingine kutoka kwenye mtaro wa jikoni, nikamimina kila kimoja katika sahani nyeupe, nikamletea na lenzi yangu ya mkononi, maana macho yake, kama nilivyosema, hayamtumikii vizuri siku hizi.

Aliinama juu ya sahani muda mrefu. Viluwiluwi vya mtaroni vilikuwa vimening'inia vichwa chini, mikia juu, kama kawaida ya mbu wale wa usiku wanaotupigia kelele tu. Vile vya kwato vilikuwa vimelala sambamba na uso wa maji, bapa, kama vijiti.

"Kwa nini hawa wamelala na hawa wananing'inia?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimweleze juu ya mrija wa kupumulia, ambao hawa wanao na hawa hawana. Akaninyoshea kiganja bila kuinua kichwa.

"Ngoja," akasema. "Usiniambie." Akasogeza sahani kwenye mwanga. Baada ya kitambo akasema, "Huyu amegeuza kichwa. Mgongo uko juu, na mdomo nao uko juu. Amekigeuza chote, nyuma kabisa." Na kweli, ndivyo kiluwiluwi cha mbu wa malaria anavyokula, hukizungusha kichwa chake nusu duara ili akombe uso wa maji kutoka chini yake. Mimi nilisoma hilo darasani, na sijui kama ningeliona peke yangu.

Shangazi alimwita mara mbili aje ale, naye akaitikia mara mbili bila kuondoka. Alipomaliza, alijinyoosha, akanirudishia lenzi, akazichukua sahani zote mbili na kuzimwaga juu ya mchanga mkavu kando ya jiko, kisha akasimama pale mpaka maji yalipokwisha kunywewa.